Naomba ushauri: siku mbili Palermo nikiwa na mama

Wakuu, heshima kwenu. Mwezi ujao nampeleka mama Palermo, kisiwani Sicily huko Italia, kwa siku mbili tu. Magoti yanamsumbua, ngazi nyingi haziwezi.

Kinachonivuta ni majengo ya wafalme wa Kinormani, wapiganaji wenye asili ya kaskazini mwa Ufaransa, waliokitwaa kisiwa kutoka kwa Waarabu. Cappella Palatina, kanisa ambalo Mfalme Roger II alilijenga ndani ya kasri lake miaka ya 1130, kutani lina mozaiki za dhahabu za mafundi wa Bizanti (dola ya Kirumi ya mashariki), lakini dari ni la mbao, limechongwa na kupakwa rangi kwa ufundi wa Kiislamu, na maandishi ya Kiarabu humo humo. Tena kwenye kathedrali, nguzo moja ya ukumbi wa kusini imechongwa aya ya Kurani. Hiyo lazima niione.

Sasa waliofika: basi la Monreale, mji jirani wenye kanisa kuu la Kinormani, linashusha karibu na kanisa hilo, au kuna kupanda? Cappella tuwahi asubuhi kukwepa foleni? Naona heri machache kwa utulivu, hivyo nikate kipi: kasri la Zisa, au kanisa la San Cataldo lenye makuba mekundu?