miR-1 inazima au inachochea? Mtihani wiki ijayo

Chipukizi_Moro: Wakubwa shikamooni. Niko mwaka wa tatu, baiolojia. Tumefundishwa kwamba maikroRNA, vile vipande vya nyukleotidi kama 22, hushika RNA ya ujumbe na protini haitengenezwi. Jana nakuta kwamba miR-1, mojawapo ya hizo maikroRNA, msuli unapokomaa, inaingia mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, na huko protini zinaongezeka! Nijibu lipi?

MamaPipeti: Marahaba mwanangu. Yote mawili, ila taja mahali. Kwenye saitoplazimu, yaani ute wa seli nje ya kiini, miR-1 inazima protini iitwayo HDAC4, kama ulivyofundishwa. Inabebwa na protini Ago2, naye Ago2 ana mwenzake, protini GW182, anayewaita wabomoaji wa RNA ya ujumbe. Utafiti wa 2014 ulionyesha kwamba ndani ya mitokondria Ago2 yupo, GW182 hayupo. Mbeba mzigo kaingia, mwita wabomoaji kabaki nje. Matokeo yake ND1 na COX1, protini za kuzalisha nishati, zinatengenezwa kwa wingi, na msuli unaokua unazihitaji kweli. DNA ya humo ina jeni 37 tu, za protini 13, zikiwemo hizo mbili.

Sentrifuji: Mama yuko sawa, ila dogo usimeze kila kitu. Mimi niliwahi kuita maabara nzima waje waone maikroRNA zilivyojaa kwenye mitokondria zangu. Msimamizi akauliza swali moja: "Umezipitisha kwenye kimeng'enya cha kukata RNA?" Sikuwa nimefanya hivyo. Nikarudia, karibu zote zikapotea. Zilikuwa zimeng'ang'ania utando wa nje. Soda niliyowanunulia watu hairudi. Sasa kila makala naanzia sehemu ya mbinu. Na mlango zinaopitia bado unabishaniwa, ingawa kimeng'enya PNPase kinatajwa sana.

Chipukizi_Moro: 😂 Pole kaka. Kwa hiyo zikiingia ni kuchochea tu?

MamaPipeti: Hapana! miR-181c inatoka kwenye kiini, na katika seli za moyo wa panya ilikutwa ndani ya mitokondria. Ilipozidishwa, protini ya COX1 ikapungua. Halafu kuna miR-210, ambayo haihitaji hata kuingia. Oksijeni ikipungua, protini HIF-1 inaipandisha, nayo miR-210 inazima protini ISCU huko huko nje ya mitokondria. Bila ISCU vishada vya chuma na salfa haviundwi vizuri, na mnyororo wa upumuaji, ule unaozalisha nishati, unapoa. Wengi humu wanaandika kwamba imeingia, wanakosa maksi.

Chipukizi_Moro: Hapo ndipo ningekamatwa. Asante mama.