Dar–Mwanza: ndege au basi? Nakata tiketi leo

Msafiri_77: Wakuu, nataka kwenda Mwanza. Naona kwa ndege ni kilomita 850 hivi, saa moja na nusu umefika. Basi ni kulala njiani, ila tofauti ya nauli inauma. Mngekuwa nyie?

Konda_Mstaafu: Lini? Wangapi? Mizigo je? Na unatokea Dar ipi? Mtu wa Mbezi stendi iko mlangoni, uwanja wa ndege kwake ni safari nyingine.

FundiRedio: Hizo 850 ni za angani, mstari ulionyooka. Barabarani kwa Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga zinapita 1,100. Na saa moja na nusu ni ya jeti. Ukipangiwa pangaboi, ndege ya mapanga, ongeza dakika ishirini na kitu.

Bi_Kirumba: Mimi wa ndege. Asubuhi Dar, mchana nakula kwa mama.

Mzee_wa_Foleni: Inategemea siku, Bi Kirumba. Mwaka jana nawahi arobaini ya shangazi, ndege ya saa 1 asubuhi. Saa 9 usiku niko macho, saa 11 nimeshafika uwanjani. Tukaambiwa imesogezwa hadi saa 4. Saa 4 wakasema saa 8. Tukapewa soda na keki kavu. Tumeruka saa 11 jioni, nafika msibani watu wanakunja maturubai. Shirika silitaji. Jirani yangu aliyepanda basi jioni ya jana yake ndiye aliyenipakulia pilau.

Reli_Damu: Panda treni ya SGR mpaka Dodoma, kama saa 4 tu, kiti safi.

Konda_Mstaafu: Halafu kilomita 700 zilizobaki atasukuma? Atashuka na mabegi kutafuta basi lililokwishajaa watu wa Dar.

Reli_Damu: Wivu wa makonda huo.

Msafiri_77: Samahani wakuu, sikusema. Naenda Sengerema. Tuko watatu, na kuna gunia la vyombo vya harusi.

Bi_Kirumba: Gunia! Si ungeanza na hilo?

FundiRedio: Sengerema sasa si mbali. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 hakuna kusubiri kivuko. Ukitua Mwanza ni kilomita 60 hivi.

Kijana_wa_Geita: Ashukie Chato basi, kuna uwanja.

FundiRedio: Apite Geita yote kurudi Sengerema? Fungua ramani, mdogo wangu.

Bi_Kirumba: Msafiri, ukirudi niletee sato. Wafungishe kwenye boksi la barafu.

Mzee_wa_Foleni: Boksi likivuja kwenye ndege abiria wote watakujua. Kwenye basi linakaa buti, hakuna anayeuliza.

Bi_Kirumba: Sato wa kukaa buti usiku kucha? Huyo hata paka wangu hagusi.

Msafiri_77: Wakuu, na tiketi?

Konda_Mstaafu: Gunia lina kilo ngapi?