Kabuibui kenye uso mwekundu ukutani, ni aina gani?

mvuvi_mbita: Wadau naomba msaada, huku Mbita, Kenya, kando ya Ziwa Victoria, kuna kabuibui nakaona ukutani, kama milimita 5 tu, hakajengi utando kanaruka, uso mwekundu, na nikisogea kanageuka kuniangalia kabisa. Kana madhara?

dudu_fan: Hapana, usimuue tafadhali! Kwa maelezo yako huyo ni Evarcha culicivora, wako kandokando ya Ziwa Victoria, Kenya na Uganda, alipewa jina la kisayansi 2003. Macho yako 8, manne yanatazama mbele na yale mawili ya katikati ndo makubwa. Wekundu ukiwa umekolea ni dume, wa jike umefifia. Anachopenda kuliko vyote ni mbu jike aliyeshiba damu, haswa anofelesi (wale mbu wa malaria), maana yeye mwenyewe hawezi kutoboa ngozi ya mtu akanyonya.

mama_kunguni: Rangi peke yake haitoshi jamani, kuhakikisha spishi unahitaji darubini, dume anaangaliwa vile vipapasio vilivyovimba karibu na mdomo, jike ni sehemu ya uzazi chini ya tumbo. Piga picha ya uso na ya mgongo uweke hapa.

mvuvi_mbita: Asanteni sana, jioni hii nimemkuta amekumbatia mbu tumbo limejaa damu, nimemwacha ale. Picha kesho asubuhi kukiwa na mwanga.