Tupeane uzoefu: kabla ya kununua nyumba ya kwanza hapa Goma

Mwalimu wa Katindo
Jana nilimsindikiza mdogo wangu kutazama nyumba inayouzwa Ndosho. Komisioneri, yaani dalali, alisifu rangi ya kuta na geti jipya kwa muda mrefu, lakini tulipomwomba hati alijibu kwamba ziko kwa shangazi wa mwenye nyumba, naye shangazi amesafiri. Mdogo wangu amekuwa akiweka akiba katika AVEC, kikundi cha kuweka na kukopa, ya kanisani na katika likelemba, mchezo wa kupeana pesa kwa zamu, ya sokoni, na sasa pesa zinamwasha mkononi. Naomba wenye nyumba mtueleze mlivyojiandaa kabla ya kutoa dola ya kwanza.

Mama wa Keshero
Shangazi aliyesafiri! Mwalimu, umenitonesha kidonda. Mimi na mume wangu tulikubaliana bei ya nyumba ya marehemu mmoja huko Himbi. Watoto wake watatu walisaini mbele yetu, shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa, akagonga muhuri, mashahidi wakanywa soda, na sisi tukahesabu pesa zote mezani. Siku ya kuhamia, chukudu mbili, yaani baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zenye vitanda na magodoro zilikuwa zimekwisha kufika getini wakati mlango ulipofunguliwa kutoka ndani. Akatoka dada mwenye mtoto mgongoni, akatusalimia kwa upole kabisa, akasema: "Mama, karibuni, lakini hapa ni kwetu. Baba alipofariki nilikuwa Kisangani, na hakuna aliyeniita." Alikuwa mtoto wa nne, wa mama mwingine, na cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki uliokunjwa mara nyingi. Majirani walitoka wote. Waendesha chukudu wakawa wananiuliza kama washushe mizigo au wageuze, na wakati wote huo wale watatu waliotuuzia hawakushika simu. Tulirudi kwenye nyumba ya kupanga, kesi ikaenda mahakamani, na hatimaye ndugu zake walilazimika kumpa fungu lake kabla sisi hatujapata ufunguo. Nyumba ya urithi isinunuliwe kwa saini za waliopo tu. Dai muhtasari wa baraza la familia na orodha ya warithi iliyothibitishwa na mahakama, kisha uulize majirani wazee marehemu alikuwa na wake wangapi.

Kijana wa Birere
Pole sana, Mama. Kwetu ilikuwa hivyo hivyo, ila aliyetokea ndani alikuwa mke wa pili.

Fundi Makoro
Je, yule dada bado anaishi humo? Mlimwacha na mtoto usiku ule?

Mama wa Keshero
Alibaki na chumba cha nyuma mpaka alipolipwa. Leo ndiye anayenisukia nywele, lakini tusitoke kwenye mada.

Mzee wa Mabanga
Ninyi vijana mnapenda mahakama. Mimi ninaishi kwa karatasi ya shefu wa avenyu tangu kabla ya mlima wetu wa volkano, Nyiragongo, kulipuka mwaka 2002, na hakuna aliyewahi kunisumbua.

Yaya Sheria
Kwa heshima zote, Papa, kutosumbuliwa hakukufanyi uwe na haki. Sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuitumia, na haki hiyo huthibitishwa na hati ya usajili inayotolewa na konsevateri, msajili wa hati za ardhi. Karatasi ya shefu ni ushahidi kwamba mliuziana, basi. Mnunuzi aende mwenyewe kwenye ofisi ya hati na kadasta, yaani vipimo vya ardhi, bila komisioneri, akaulize parseli, yaani kiwanja, imeandikwa kwa jina la nani na kama imewekwa rehani. Muuzaji akiwa na ndoa, mwenzake asaini pia, kwa kuwa Sheria ya Familia iliyorekebishwa mwaka 2016 inadai idhini ya mume na mke.

Mzee wa Mabanga
Jirani yangu alikuwa na hiyo hati yenu. Lava ilipita juu ya nyumba yake, naye akabaki ameshika karatasi. Ilimsaidia nini?

Yaya Sheria
Ilimsaidia kupimiwa upya, Papa, kwa sababu vipimo vyake vilikuwa kwenye kadasta. Wenye karatasi kama yako waligombania mipaka juu ya rundo la mawe.

Mzee wa Mabanga
Hukuwapo.

Fundi Makoro
Nawaachia ugomvi huo. Ninachojua ni ardhi yetu. Muulize muuzaji shimo la choo lina kina gani, ufunue kifuniko na kutazama, maana kuchimba jipya ndani ya makoro, mawe magumu ya lava, kwa mtarimbo na nyundo kunaweza kula pesa ulizotenga kwa paa. Tazama pia tangi la maji na mifereji ya mabati. Kama huna uwezo wa nyumba ya matofali, nunua parseli yenye nyumba ya mbao, ukae humo huku ukijenga pole pole.

Kijana wa Birere
Ya mbao usinunue kamwe. Jirani akisahau jiko la makaa, mtaa mzima unateketea.

Binti wa Mugunga
Wanaotafuta upande wetu na Bulengo waulizie mazuku. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutulia mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri kukiwa hakuna upepo. Niliiacha nyumba nzuri ya bei nafuu baada ya mtoto wa jirani kunionyesha kona ya uwanja ambako kuku wao walikuwa wakikutwa wamekufa asubuhi.

Kijana wa Birere
Basi mnunuzi aanze kwa kununua kuku.

Binti wa Mugunga
Unacheka, lakini mimi ningemfunga kuku hapo usiku mmoja kabla ya kusaini. Na yeyote anayeuziwa kwa bei rahisi huko Buhene akumbuke lava ya tarehe 22 Mei 2021 ilipita wapi.

Yaya Sheria
Nyongeza moja: msimpe muuzaji akiba yote. Kubadilisha jina kwenye hati kuna gharama zake, na wengi hukaa miaka katika nyumba ambayo kwa ofisi bado ni ya mwingine.

Mwalimu wa Katindo
Na komisioneri hulipwa na nani?

Kijana wa Birere
Muuzaji.

Mama wa Keshero
Wetu tulimlipa sisi, muuzaji naye akamlipa, na kila upande ulikuwa umeambiwa kwamba unalipa peke yake.