Nimeambiwa mikoko itaota Bahi kwenye udongo wa chumvi, naombeni ushauri kabla hatujatoa hela

Jaruba_la_Chini
Habari za jioni wakuu. Aliyewahi kuishi pwani naomba asipite bila kuandika neno.

Tuna kikundi cha watu kumi na wawili hapa Bahi, Dodoma, wote wakulima wa mpunga. Majaruba ya upande wa bondeni, likiwemo alilotuachia marehemu baba, yameharibika kwa chumvi. Ikifika Septemba ardhi inapasuka na juu inatoka weupe kama sembe iliyomwagika. Msimu uliopita mpunga uliota vizuri, ulipofika kimo cha kiganja ncha za majani zikaanza kuungua. Sikuvuna hata debe moja.

Sasa amekuja kijana na mfuko wa vijiti vya kijani, virefu kama rula, vimechongoka chini. Anasema ni mikoko, mti unaokula chumvi. Tukipanda, udongo utapona, baada ya miaka mitano tutavuna boriti, halafu kuna hela ya hewa ukaa, yaani kulipwa kwa kutunza miti, kama wanayolipwa wenzetu Kenya. Mche mmoja 1,500 na anataka tuanze na miche 400. Hiyo laki sita ndiyo akiba yetu yote. Alituachia vitatu vya majaribio, nikavichomeka kwenye ndoo ya tope. Wiki ya pili hii bado vya kijani. Jumamosi tunakaa kuamua.

Wa_Nyamisati
Pole sana ndugu yangu. Usitoe hiyo hela.

Mimi nimekulia delta ya Rufiji, kwenye msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki, karibu hekta 53,000. Hivyo vijiti ni mbegu za mkoko kweli. Mbegu yake huota ikiwa bado inaning'inia kwa mama yake, ikikomaa inadondoka na kuchoma kwenye tope, au inaelea mpaka ipate pa kutulia. Imebeba chakula chake ndani, kwa hiyo ukijani wa wiki mbili kwenye ndoo hauthibitishi chochote. Na kwetu hakuna anayenunua, watoto wanaziokota.

Mkoko unaishi kwa maji kujaa na kupwa. Yanaingia mara mbili kwa siku na kutoka mara mbili, yanaleta rutuba na kuondoa chumvi isijilundike. Kila mti una mahali pake: mlilana mbele kabisa, mkoko wenye mizizi ya matao kando ya mikondo, msinzi na mkandaa ndani zaidi, na mchu unavumilia hata kule juu panapofikwa na bamvua tu, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu. Hata sisi tukikosea mahali, inakufa. Niliwahi kupanda na wenzangu kwenye tope la chini mno, tope ambalo maji hayaliachi vya kutosha. Tuliporudi karibu miche yote ilikuwa imelala. Hapo ni baharini kwenyewe. Bahi bamvua itatoka wapi?

Kijana_wa_Makole
Mkuu wa Nyamisati usiwakatishe tamaa. Wapande hata hamsini waone. Nimesoma Mexico kuna mikoko iko mbali na bahari kabisa.

Fundi_Mitishamba
Ni kweli ipo, kando ya Mto San Pedro, zaidi ya kilomita 150 kutoka pwani, tena kwenye maji yasiyo na chumvi. Wataalamu wanaeleza kuwa ni masalia ya zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko sasa. Lakini tazama inachotufundisha. Chumvi si chakula cha mkoko, ni shida ambayo mkoko umejifunza kuivumilia. Kinachoubeba kule ni mto ambao haukauki. Dimbwi la Bahi linategemea Mto Bubu na mvua za miezi michache, kisha jua linakausha mpaka tope linapasuka. Kijiti cha mkoko kwenye tope lililopasuka hakifiki Oktoba.

Na hili la "unaokula chumvi" lisikudanganye hata kidogo. Mkoko unaizuia chumvi nyingi mizizini isiingie. Mchu unaiingiza kisha unaitoa kwenye majani, ukilamba jani lake unaisikia. Vyovyote vile chumvi inabaki palepale shambani. Baba yako hakuharibiwa shamba na upungufu wa miti. Maji yanaingia jarubani, yanakosa pa kutokea, yanakauka na kuacha chumvi. Bonde lenyewe halina njia ya kwenda baharini.

Wa_Nyamisati
Na hiyo habari ya boriti inaniumiza mimi zaidi. Mikoko yote ya Tanzania Bara ni hifadhi ya misitu chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, boriti haikatwi bila kibali. Kwetu watu wamefyeka mikoko kupanda mpunga, hasa kaskazini ya delta baada ya maji mengi ya mto kuhamia upande huo. Wanalima misimu kadhaa, magugu na kaa wanawashinda, wanasogea kufyeka kwingine. Leo ninyi mng'oe mpunga mpande mikoko! Kila mmoja anaharibu kwake akitafuta cha mwenzake.

Bibi_Shamba
Mdogo wangu, hewa ukaa ya Kenya ninaijua. Ni Gazi, mradi wa Mikoko Pamoja, hekta 117, na kazi kubwa ni kulinda msitu uliokuwepo. Hawakununua miche wakalipwa.

Akiba yenu anzeni nayo hivi. Chukueni udongo sehemu tatu tofauti, mpelekeeni ofisa ugani aujue kama ni chumvi ya kawaida au magadi. Ukiwa wa magadi, jasi inasaidia, na inachimbwa Itigi hapo jirani, lakini lazima kuwe na mfereji wa kutoa maji, la sivyo unapoteza. Mwulizeni pia kuhusu mbegu za mpunga za SATO 1 na SATO 6, zilitafutwa kwa ajili ya ardhi ya chumvi. Kwenye kingo msipande kitu kigeni. Angalieni visiki vya migunga vinavyochipua, chagueni chipukizi mbili tatu zenye nguvu, pogoeni nyingine, fungeni kitambaa kuonyesha zinatunzwa, mbuzi wasiachiwe hapo.

Jaruba_la_Chini
Nimewasomea wenzangu wote kwa simu jioni hii. Mama mmoja aliuliza mara mbili hilo la maji kukosa pa kutokea, akakumbuka mfereji wa zamani upande wa reli uliojaa mchanga tangu tukiwa wadogo. Kesho alfajiri tunakwenda na majembe kuuangalia. Udongo nimeshauchimba, uko kwenye chupa tatu hapa mezani. Wa Nyamisati, vile vijiti vitatu nifanyeje? Kuna dereva wa basi la Dar naweza kumpa.

Wa_Nyamisati
Mpe. Vifunge kwenye gunia bichi, visipigwe jua. Tuandikiane pembeni nikupe mtu wa kuvipokea Mbagala, bamvua ijayo nitavichomeka mwenyewe.