Mama kazima tivii

Grupu: UKOO WA KATUMBA 🍌

Baraka Uyole: Jamani naomba baraza la ukoo likae nina kesi. Jana usiku nimeweka dokumentari yangu ya Jumamosi kama kawaida, chai ipo, mablanketi yapo maana baridi la huku mnalijua, imefika patamu Mama kanyanyuka kazima tivii kaenda kulala. Hajasema kitu

Neema: Amesema bhana. Amesema usiku mwema

Binamu Iringa: 😂😂 ilikuwa inahusu nini

Baraka Uyole: Bendi ya panki ya Marekani

Shangazi Tukuyu: Panki si ule unyoaji wa kiduku? Sasa mtu anatengenezewa filamu kwa kunyoa?

Neema: Shikamoo Shangazi 😂

Shangazi Tukuyu: Marahaba mwanangu. Nauliza kweli lakini

Baraka Uyole: Shikamoo Shangazi. Panki ni muziki, ni rock ile ile ila imevuliwa madoido, gita linakwaruza, dramu mbio mbio, dakika mbili tatu wimbo umeisha mtu anatoka jasho. Huo unyoaji ulienezwa na hao hao mashabiki wao, muziki haukufika huku kwetu, kilichofika ni nywele

Shangazi Tukuyu: Na hiyo bendi inaitwaje

Baraka Uyole: Death

Binamu Iringa: Yaani Kifo

Shangazi Tukuyu: SHINDWA. Mama yako kafanya vizuri sana kuzima. Jumapili asubuhi watu tunajiandaa kwenda ibadani mnatuletea mambo ya kifo humu

Baraka Uyole: Shangazi subiri usikie. Hawa ni ndugu watatu wa tumbo moja, weusi, David, Bobby na Dannis, ukoo wa Hackney wa Detroit. David gita, Bobby anaimba na kupiga besi, Dannis dramu. Wamelelewa kanisani kabisa. Baba yao akagongwa na mlevi anaendesha gari akafa, ndo David akasema kila mtu anakiogopa kifo ila mimi naona ni safari tu kama safari nyingine, bendi itaitwa hivyo. Miaka ya 70 mwanzoni hiyo, mtaani kwao kila mtu mweusi anapiga soul na wao wamejifungia chumbani wanapiga rock, majirani wanalalamika

Neema: Chumba chenyewe mama yao aliwaachia. Saa zimepangwa kabisa za kupiga kelele. Mama huyo nimempenda

Baraka Uyole: Sa 1975 wameingia studio, kuna bosi wa rekodi mkubwa sana New York, Clive Davis, ndo analipia. Akawaambia muziki safi, jina tu ndo badilisheni. David akakataa

Shangazi Tukuyu: Akakataa hela?

Baraka Uyole: Akakataa. Nyimbo zilitakiwa 12 zikaishia 7. Wakatoa sahani moja wenyewe kwa hela yao, nakala 500, hakuna redio inayotaka kupiga bendi inaitwa Kifo. Ikafa hivyo hivyo. Na 1976 ndo Ramones wanatoa albamu yao ya kwanza dunia nzima inasema panki imezaliwa, kumbe hawa watoto walishafika huko

Shangazi Tukuyu: Mjinga huyo David. Nisameheni lakini mjinga. Wadogo zake walikula nini? Jina ni kitu gani, bendi ingeitwa hata Maharage mradi watu walipwe

Binamu Iringa: 😂😂😂 Bendi ya Maharage

Neema: Shangazi ila kitu kilichoniliza mimi ni kwamba wadogo zake hawakumwacha. Walikuwa hawakubaliani naye ila walisimama upande wake. Bobby anasema hivyo akiwa mzee na bado macho yanamlowa

Ba Mdogo Tunduma: Nimetoka kusoma zote hizo. Kwanza kamwene wa Iringa. Pili Baraka mwanangu usiende mbali mpaka Detroit, rock ya watu weusi ilikuwa hapa ng'ambo tu, mimi 1977 nimepanda treni hapo Mbeya TAZARA mpya bado inanukia rangi nimeenda mpaka Kapiri Mposhi Zambia halafu basi mpaka Kitwe kwa mjomba wetu, nikakuta vijana wana afro hizi na suruali chini pana kama sketi wanapiga magita yanaunguruma kama lori la kopa (shaba) linapanda mlima, kulikuwa na bendi inaitwa WITCH, mwimbaji wao walimwita Jagari kwa ajili ya yule Jagger wa bendi ya Rolling Stones ila jina lake ni Emmanuel Chanda, jukwaani sikubahatika kuwaona lakini sahani zao kila baa

Shangazi Tukuyu: Mmoja Kifo mwingine Mchawi. Hakuna bendi inaitwa Tumaini?

Ba Mdogo Tunduma: 😂 Dada wewe. Kaunda alisema redio ipige muziki wa nyumbani asilimia 95 basi vijana wakaupiga wa nyumbani kweli ila kwa magita ya umeme. Halafu bei ya kopa ikaanguka, hela hakuna, disko likaingia, ukimwi ukawamaliza, wenzake Jagari wote wa mwanzo walishazikwa

Binamu Iringa: Ipo dokumentari yake Ba mdogo, imetoka 2019. Yeye alikuwa amebaki anachimba vito porini huko, wazungu wakaenda kumtafuta. Saa hizi anazunguka Ulaya anaimba mzee wa watu

Ba Mdogo Tunduma: Nitumie tafadhali. Ila isile bando lote

Binamu Iringa: Ila mi niwaambie ukweli hizi dokumentari siziamini mia kwa mia. Ile ya Rodriguez iliyochukua Oscar 2013, mwimbaji naye wa Detroit (sijui Detroit kuna nini), inaonyesha albamu zake mbili zimefeli Marekani akarudi kubeba zege, kumbe Afrika Kusini ni staa na huko wanaamini alishajiua jukwaani. Nimelia kama mtoto. Baadaye nakuja kusoma kumbe 1979 alienda Australia akafanya ziara nzima watu wamejaa, kwenye filamu hawajasema hata neno. Wanakata pale wanapotaka ulie

Neema: Na ulilia

Binamu Iringa: Nililia ndio

Baraka Uyole: Turudi kwenye kesi. David akamkabidhi Bobby zile tepu za studio akamwambia zitunze, dunia itakuja kuziulizia. Bobby kaziweka darini. David kafa 2000 na saratani ya mapafu, hakuna aliyeuliza. Miaka inapita. Siku moja mtoto wa Bobby yuko kwenye pati mbali huko, DJ kaweka wimbo, dogo anasikia sauti anasema huyu si baba?? Alikuwa hajui kama baba yake aliwahi kuwa na bendi hiyo. Hapo ndo Mama kazima

Neema: Hapo hapo. Dogo anampigia simu baba yake

Ba Mdogo Tunduma: Aa

Ba Mdogo Tunduma: Basi nimemwelewa mama yenu

Baraka Uyole: Kivipi

Ba Mdogo Tunduma: Ujumbe huu umefutwa

Neema: Ba mdogo tumeona umefuta

Baba Mkubwa: Habari za jumapili wote. Mimi huwa nasoma tu lakini hapa niseme. Baraka na Neema baba yenu nyie mlimjua fundi wa pampu za maji basi lakini kabla ya kuoa alikuwa na gita. Huyu Ba mdogo wenu alirudi kutoka Kitwe na sahani tatu za hao vijana wa Zambia baba yenu akawa halali usingizi. Gita lake la mbao alilifunga maiki ya redio kaseti kwa mpira wa tairi la baiskeli akalichomeka kwenye redio ya babu yenu. Lakini sauti inatoka safi na yeye anataka ikwaruze kama ya Zambia. Akachukua wembe akachana spika

Binamu Iringa: Spika ya babu??

Baba Mkubwa: Ya babu. Alichana mistari kama mtu anachanja dawa. Jioni mzee kawasha redio asikilize taarifa ya habari msomaji anaongea kama ana nyuki mdomoni. Alichapwa na umri wake miaka ishirini na mbili

Neema: 😭😭😭 jamani sijui nicheke au nilie. Baba Mkubwa hicho kitu alifanya Dave Davies wa bendi ya Kinks Uingereza 1964, kachana spika kwa wembe gita likakwaruza ukawa wimbo mkubwa wa dunia. Baba alisikia wapi

Baba Mkubwa: Hakusikia popote. Alikuwa na wembe

Baraka Uyole: Miaka yote hii hakuna aliyetuambia

Ba Mdogo Tunduma: Mama yenu alisema tusiwatajie, alivyoumwa gita liliuzwa Mwanjelwa kulipia dawa na yeye ndiye aliyelibeba kwenda kuliuza. Ila alirekodi kaseti. Mimi nilikuwepo chumba kile cha nyuma Katumba mvua inanyesha bati linapiga kelele kuliko sisi. Nyimbo nne

Neema: KASETI IKO WAPI

Baraka Uyole: Kaseti iko wapi Ba mdogo

Ba Mdogo Tunduma: Muulizeni dada yangu

Binamu Iringa: Shangazi?

Baraka Uyole: Shangazi uko onlaini nakuona

Shangazi Tukuyu: Nipo. Nilikuwa napika

Shangazi Tukuyu: Kaseti ninayo. Iko kwenye kopo la biskuti na vyeti vya ubatizo. Lakini niseme ukweli mbele ya ukoo, mwaka ule kwaya yetu ilikuwa inarekodi na kaseti tupu hazikupatikana, nikabandika karatasi ya gundi kwenye vile vitundu vya juu nikarekodi kwaya humo. Nilidhani ni makelele yake yale tu. Alikuwa hai, ningejua nini

Ba Mdogo Tunduma: Dada

Shangazi Tukuyu: Usinidada. Kila mwaka naitoa naifuta vumbi nairudisha

Baba Mkubwa: Upande mmoja au yote miwili

Shangazi Tukuyu: Sikumbuki. Redio yangu mlango wa kaseti haufungi siku hizi

Binamu Iringa: Shangazi shikilia kwa kidole. Na kama utepe umelegea zungusha kwa peni ya bik taratibu kabla hujaweka usije ukaumezwa

Shangazi Tukuyu: Hiyo ya peni unanifundisha mimi?

Neema: Shangazi geuza upande wa pili, rekodi kwa simu. Taratibu tu tafadhali

Baraka Uyole: Kesi nimeifuta. Mama yuko jikoni simu yake anaichungulia kila dakika

Neema: Dakika ishirini sasa

Shangazi Tukuyu: Acheni presha. Umeme ulikatika nimeenda kununua betri

Shangazi Tukuyu: 🎤 Ujumbe wa sauti 0:47

Baraka Uyole: Kwaya

Neema: Kwaya hiyo

Shangazi Tukuyu: Sikilizeni mpaka mwisho nyie, mna haraka gani. Sekunde ya 31 kwaya inakatika

Binamu Iringa: Eeh bwana

Binamu Iringa: Lile gita linalia kama mashine ya kusaga

Mama: Tuma tena hiyo. Kwangu imefunguka nusu

Ba Mdogo Tunduma: Huyo anayekohoa mwanzoni kabla ya gita ni mimi

Shangazi Tukuyu: Ndiyo, umeharibu rekodi. Nilikuambia acha sigara