Silikoni kwenye manifoldi ya gari la tabo: nani abebe gharama ya kurudia?

Hoja iliyo mezani: gereji ya Nakuru imefunga manifoldi (mabomba ya kuingiza hewa au kutoa moshi kwenye injini) ya gari la tabo (feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa kwenye injini) na kupaka silikoni, gundi ya kuziba, juu ya gasketi (kizibo chembamba cha kwenye kiungo). Mwezi haujaisha, inavuja tena. Gereji irudie bure?

Fundi, Nakuru: Upande wa ekzosi, yaani wa moshi, irudie bure. Silikoni nyekundu huvumilia nyuzi 340 hivi za Selsiasi. Injini ya petroli yenye tabo ikipanda mlima wa Timboroa na mzigo, moshi wake unapita 800. Silikoni inaungua, na kipande kikimeguka ndani njia yake ni moja tu, kwenye feni ya tabo. Gasketi ya chuma ya tabaka hufungwa kavu.

Muuza spea, Kisumu: Upande wa hewa ni hadithi nyingine, mkubwa. Gasketi ya karatasi ikipakwa utando mwembamba haina neno, na zipo injini ambazo kiwanda chenyewe hutaka tone la silikoni kwenye kona. Kosa ni kuiminya kama dawa ya meno. Inayozidi hufurikia ndani, mvuke wa oili unailainisha, inanyofoka.

Dereva wa matatu, Kakamega: Gasketi halisi huku haipatikani siku hiyo hiyo, na gari likilala ni hasara. Fundi akisema wazi kwamba ni ya muda, nami nikakubali, nitamdai nini?

Fundi, Nakuru: Aiandike kwenye risiti. Lakini mnazunguka mbuyu: silikoni nyingi hupakwa kuficha uso uliopinda. Laza rula ya chuma juu ya miguu ya manifoldi, kisha kwenye silinda hedi (sehemu ya injini inayofungiwa manifoldi), upitishe fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya. Kikomo cha mwanya kimo kwenye kitabu cha injini hiyo, usikisie. Kikipitwa, dawa ni kusaga kwa mashine.

Fundi, Nakuru (akiendelea): Wakati wa kusafisha ziba matundu kwa kitambaa. Hedi ya alumini ikwaruzwe kwa plastiki. Zile diski za kusugua ziacheni kabisa, vumbi lake likifika kwenye oili linakula bearingi. Kisha nati mpya, kutoka katikati kwenda nje, kwa raundi tatu: kitabu kikisema Nm 24 (kipimo cha nguvu ya kukaza), unakwenda 8, 16, 24. Anayeanzia ukingoni anaacha mwanya katikati.

Fundi, Kisumu: Kwanza mjue inavuja wapi. Ekzosi hulia tik-tik injini ikiwa baridi na kunyamaza chuma kikitanuka, na masizi hujichora kando ya tundu. Kwa hewa, ziba mdomo wa tabo, ingiza upepo polepole bila kuzidi presha ya tabo yenyewe, nyunyiza maji ya sabuni. Mara nyingi povu hutokea kwenye klipu ya bomba la interkula (kipoza hewa ya tabo), na gasketi ilikuwa inasingiziwa.

Muuza spea, Kisumu: Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inataka huduma iwe na ubora wa kuridhisha. Ila kusaga ni juu ya mwenye gari. Fundi hakuipinda manifoldi.

Fundi, Nakuru: Kusaga, sawa. Gasketi ya pili na kazi ya pili ni za fundi, maana rula ilifaa itoke kabla ya spana.

Dereva wa matatu, Kakamega: Na mwenye gari akikataa kusaga?

Fundi, Nakuru: Fundi asifunge.

Dereva wa matatu, Kakamega: Jirani yake atafunga, tena kabla ya saa sita.